Kibao Nilichomvisha Mama Yangu

Nyinyi wasichana mnaoanza kazi ya chekechea mwaka huu, mliomaliza kidato cha nne juzi, kaeni niwaambie kitu. Na nyinyi ambao hamna kazi ila mna mtoto mgongoni, kaeni pia. Mimi nimestaafu. Najua mnacheka. Kustaafu ni kwa wazee wenye mkongojo, na mimi meno yangu yote yapo na kichwani sina unywele hata mmoja mweupe. Lakini miaka minane ya kufundisha watoto wadogo hapa Garissa imenitosha, na siku niliyoiacha sikuaga mtu. Basi hii ndiyo kwaheri yangu. Nimekasirika, na nitaandika nikiwa hivyo hivyo, maana nikingoja hasira ipoe nitaanza kujitetea.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotukutanisha katika chumba cha walimu, wale waliotoka Kisii na Meru na sisi wenyeji. Lakini mimi nilinyonya Kisomali. Likumbukeni hilo.

Nianze na picha ya ngamia. Shule yetu ilikuwa ya kulipia, na ilikuwa na mtihani wa kumpokea mtoto. Anaketishwa mbele yangu, namwonyesha picha, anataja jina la kilichochorwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Akitaja, alama moja. Asipotaja, sufuri. Siku moja akaja mvulana wa miaka minne na babu yake, wametoka upande wa Hadado, kwetu kabisa. Nikamwonyesha ngamia. Akaishika ile picha kwa mikono miwili, akaitazama vizuri, kisha akaanza kunieleza kwa Kisomali: huyu ni jike, bado hajazaa, nundu yake imelala kwa hivyo hajapata malisho siku nyingi, na aliyemchora hamjui ngamia, kampa miguu ya ng'ombe.

"Atatembeaje kwenye mchanga na miguu hii?" akaniuliza, amekunja uso.

Babu yake alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilielewa kila neno. Nikaandika sufuri.

Babu akaona kalamu. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mwalimu, mtoto imeanguka wapi? Kwa ngamia ama kwa miguu?"

Nikamwambia ameanguka lugha. Ndivyo nilivyosema. Mtoto aliyenipa maelezo marefu kuliko niliyowahi kusikia kutoka kwa mtoto yeyote katika chumba kile, nilimwambia babu yake kwamba hana lugha.

Sasa kibao. Kilikuwa kipande cha mbao cha ukubwa wa kiganja, kimetobolewa tundu na kutiwa kamba ya katani. Mtoto akinaswa anaongea Kisomali, anavishwa shingoni. Anakaa nacho mpaka amnase mwenzake, naye anavishwa. Aliyenacho jioni anafagia darasa. Nilikuta kinatumika, sikukibuni mimi, lakini msinitetee. Nilikipenda. Kilinifanyia kazi. Darasa langu lilikuwa kimya kuliko yote na mwenye shule alikuwa akiwaleta wageni kulitazama.

Ukimya wa watoto wa miaka minne, wadogo zangu, si nidhamu. Mkiingia darasani mkakuta watoto thelathini wametulia kama vikombe kabatini, ogopeni.

Siku ya wazazi nilisimama mbele ya akina mama nikawaambia, "Kisomali kiacheni mlangoni pamoja na viatu. Ndani ya nyumba, Kiswahili na Kiingereza peke yake." Walitikisa vichwa. Nani atabishana na mwalimu? Miongoni mwao alikuwa Mama Fardosa, muuza maziwa ya ngamia, mwanamke wa kelele nzuri, anayeweza kukusimulia ugomvi wa jirani yake mpaka ukasahau kama ulikuja kununua maziwa. Binti yake Fardosa alikuwa amemrithi mdomo. Kiswahili cha Mama Fardosa kilikuwa kile cha biashara: lete, chukua, ngapi, hapana, songa. Alikwenda nyumbani akanitii. Akamlea mtoto kwa maneno hayo matano.

Baada ya muhula mmoja alinijia shuleni na jerikeni lake mkononi.

"Mwalimu, mtoto yangu ilikuwa redio. Sasa betri imekwisha."

"Ongeza bidii, mama," nikamwambia. "Mwongeleshe Kiswahili zaidi."

"Kiswahili yangu imeisha yote. Nimempa yote!"

Tulicheka, mimi na mwalimu mwenzangu, alipoondoka. Nimempa yote. Tuliirudia kwa wiki nzima, kama kichekesho. Leo nikikutana naye sokoni nanunua maziwa hata nisipoyahitaji, na sijapata ujasiri wa kumwambia chochote.

Palikuwa na mtu mmoja aliyejua. Mwalimu Kemunto, mama wa Kisii, mtu mzima, aliyefundisha Buna miaka mingi kabla ya kuja Garissa. Kisomali chake kilikuwa kimetoboka kama gunia la zamani, lakini watoto walimfuata kama vifaranga. Yeye hakuwa na picha wala kadi. Alikuwa akiketi nao wakichambua maharagwe ya chakula cha mchana, anauliza swali moja, kisha anachomeka mswaki wa kijiti mdomoni na kuutafuna.

Nilimuuliza kwa nini anapiga mswaki mbele ya watoto. Akasema, "Huu si wa meno, Sahra. Ni wa kunifunga mdomo. Mtoto mdogo ukimuuliza, jibu lake liko mbali, linakuja kwa miguu. Ukimjibia, linageuka njiani linarudi."

Jaribuni hilo. Uliza, kisha tafuna kitu. Utaona ni kazi kiasi gani kunyamaza, na utaona mtoto anakujia na jambo ambalo hukulitarajia.

Siku nyingine aliniambia, "Ukimuuliza mtoto 'hii ni nini,' wewe ni askari, unataka kitambulisho. Ukimuuliza 'ikawaje,' wewe ni jirani." Mtoto akimwambia "gari kubwa," yeye hakusema vizuri sana wala hakumpigia makofi. Alisema, "Ala, gari kubwa! Lilikuwa limebeba nini?" Mtoto anaongeza mbuzi. Naye anaongeza dereva. Mpaka maharagwe yanaisha wana safari nzima hapo, nusu Kisomali, nusu Kiswahili, na hakuna aliyevishwa kitu.

Kibao cha darasa lake alikiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Mwenye shule alipokiona alipandisha sauti. Kemunto akamjibu, "Lakini meza imetulia." Alipostaafu kweli, na mvi zake, nilimsindikiza hadi getini. Alinishika bega akaniambia, "Hicho kibao chako, Sahra, kitafutie meza." Nilikasirika. Nikajiambia huyu mama hajasoma mambo ya siku hizi.

Sasa nafika nyumbani kwangu, na hapa ndipo kalamu inakuwa nzito.

Nilipojifungua Yahya, mama yangu alikuja kutoka Hadado kwa zile siku arobaini ambazo mzazi hatoki nyumbani wala hashiki kazi. Siku arobaini zikawa karibu miaka mitatu. Mume wangu ana duka Takaba, anakuja anapoweza. Mimi nilirudi shuleni, na Yahya akabaki na ayeeyo wake, ndivyo tunavyomwita nyanya. Kwetu mama humwita mtoto wake "hooyo," neno lile lile ambalo mtoto anamwita yeye, na nyanya humwita mjukuu "ayeeyo." Kwa hivyo nyumba yangu ilikuwa ni ayeeyo huku na ayeeyo kule kutwa, mmoja ana miaka sitini na kitu na mwingine hana meno.

Mama yangu hakuwahi kusoma hata siku moja. Lakini alimwongelesha yule mtoto kama mtu anayemhitaji amsaidie kukumbuka. Akimwogesha, anamweleza maji yalivyokuwa mbali alipokuwa msichana. Akimpaka mafuta, anataja kila kiungo na mtu wa ukoo aliyekuwa nacho hivyo hivyo: "Goti hili la abti, mjomba wako, alikuwa akimshinda mbio ndama." Akipika chai anamtajia mdalasini, anamnusisha. Akikasirika na jirani, anamshitakia Yahya, na kumngoja aseme neno. Na Yahya alikuwa akisema! Kabla hajatembea alikuwa akimjibu kwa sauti zisizo na maneno lakini zenye wimbo ule ule wa ayeeyo, zinapanda pale anapopanda, zinashuka anaposhuka. Alipofika mwaka na nusu alikuwa na maneno: maziwa, mbuzi, viatu, mwezi, twende, sitaki. Sitaki alilipenda sana.

Yote kwa Kisomali. Na mimi, mwalimu, nikaanza kuogopa.

Mwenye shule aliniambia, "Mtoto wa mwalimu akianguka kwenye mtihani wetu, nitawaambia nini wazazi?" Nilimpigia simu mume wangu. Akasema, "Mwalimu ni wewe." Namkasirikia kwa hilo mpaka leo, ingawa najua hakukosea, mwalimu nilikuwa mimi.

Ijumaa moja nilirudi nyumbani na kibao kwenye mkoba.

Nilimweleza mama yangu sheria. Alinisikiliza akiwa anamkaangia Yahya yai. Nikamwambia kuanzia leo ni Kiswahili tu, na anayesahau anavaa hiki.

"Hata mimi?"

"Hata wewe, hooyo. Wewe hasa."

Akatazama kile kipande cha mbao. "Haya. Mkufu. Dhahabu yake iko wapi?" Akainamisha kichwa, nami nikamvisha juu ya shungi lake. Mama yangu mzazi. Yahya alipiga makofi. Mama akazunguka chumba kwa madaha kama bibi harusi, Yahya akacheka hadi akaketi chini. Jioni ile alikwenda kwa jirani akiwa amekivaa, nikamsikia kupitia ukutani akisema, "Binti yangu amesoma, ameninunulia kidani." Wanawake wakaangua vicheko. Nilidhani mambo ni mazuri.

Ukawa mchezo wa Yahya. Ayeeyo akianza tu kusema, yeye anakimbilia kibao kilipotundikwa, anakileta na mikono yake miwili, na ayeeyo anainama. Siku za kwanza alikuwa akiinama anacheka. Baadaye aliinama tu.

Nilimfundisha mama maneno ya Kiswahili ya kutumia na mtoto. Njoo. Kula. Kunywa. Lala. Acha. Aliyajifunza vizuri, hana tatizo la kichwa. Lakini mtu atamweleza mtoto habari za goti la abti yake kwa njoo na lala? Akawa anamwogesha kimya. Akawa anapika chai kimya. Nikirudi kazini nakuta nyumba safi, mtoto msafi, na hakuna sauti, nami nakaa chini kwa furaha kwamba hakuna aliyevunja sheria. Nilikwisha kumwambia Mama Fardosa aongeze bidii. Nilikuwa nimeliona jambo hili kwa macho yangu kwa mtoto wa mwenzangu, na bado nikalileta kwangu mwenyewe, ndani ya mkoba wangu mwenyewe.

Ili kujaza ule ukimya nikampa Yahya simu yenye katuni za Kiingereza. Alipofika miaka mitatu alijua kuhesabu hadi ishirini kama mzungu. Nilimrekodi nikawatumia watu. Lakini akiwa na kiu hakujua kusema. Alikuwa akinivuta nguo hadi kwenye mtungi na kulia. Yale maneno ya Kisomali aliyokuwa nayo yalikuwa yamekwenda, hata sitaki. Nilimpeleka apimwe masikio. Daktari alimpima, akasema masikio ni mazima kabisa. Kisha akaniuliza, "Nyumbani anaongea na nani?"

Hakukuwa na mtu.

Mama yangu alikuwa ameondoka miezi minne kabla. Alifunga vitu vyake asubuhi, akasema anataka kuona mbuzi wake. Nikamuuliza kama nimemkosea. Akasema, "Nyumba yako ni nzuri, hooyo. Ila mbuzi wangu hawanidai mkufu." Alisema akitabasamu, nami nikaichukua kama utani, kwa sababu ilikuwa rahisi kuichukua hivyo.

Mtaniuliza nilifanya nini baadaye. Niliacha kazi. Simu nikaifungia kabatini. Nikaanza upya, kwa Kisomali, lugha ninayoota nayo, nikimwongelesha Yahya kama alivyokuwa akifanya mama yangu, vibaya kidogo, maana mimi nimezoea kuuliza hii ni nini. Nikikata vitunguu nasema nakata vitunguu, macho yangu yanawasha, shangazi yako yeye hulia hata kabla ya kukata. Mwanzoni nilijiona mwendawazimu ninayeongea na ukuta. Kisha nangoja. Natafuna mswaki wa Kemunto nangoja. Siku moja, baada ya wiki nyingi sana, alisema "macho" akagusa yake. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia peke yangu, halafu nikarudi nikamuuliza macho yamefanyaje.

Kiswahili kilikuja chenyewe baadaye, kwa watoto wa jirani yetu Mmeru na kwa mpira wao wa nailoni. Hakuna aliyemvisha kitu. Sasa ana miaka sita na anaongea zote mbili, na Kiingereza anakipata shuleni polepole. Akianza kusimulia huwezi kumnyamazisha. Mnaweza kusema basi, mwisho mwema, Sahra unapiga kelele za nini?

Napiga kelele kwa sababu mtoto amerudi lakini siye yule wa ayeeyo. Wakipigiana simu, Yahya anasema salaam, na mama yangu anaitikia salaam, kisha kila mmoja anangoja mwenzake, na mwisho Yahya ananirudishia simu. Na mimi huwa nasikia pumzi za mama upande wa pili. Mwanamke yule, ambaye aliweza kumsimulia mbuzi habari za ukoo mzima.

Basi mkienda kwenye hizo kazi zenu, mkasikia nyanya anaongea na mtoto lugha yake, yoyote ile, Kisomali, Kiborana, Kimeru, tokeni mlangoni taratibu mkawaache. Na nyinyi akina mama, msimwongeleshe mtoto kwa lugha mnayoijua maneno matano. Mpeni ile ambayo mnaweza kugombana kwayo, kucheka kwayo na kusengenya kwayo. Hizo nyingine ana watu wengi wa kumpa.

Nina moja tu limebaki, halafu niende nikapike.

Alipotimiza miaka minne na nusu, akiwa ameanza kurudisha maneno machache, nilimpeleka Hadado. Nilikuwa nimejipanga kumwomba mama radhi, lakini kwetu mtu hafiki tu akaomba radhi, anapewa chai kwanza, na wageni wanaingia, na jua linapanda. Mama alikuwa kwake sasa, na ulimi wake umerudi mahali pake. Nilimsikia tangu nje akimkaripia mtu aliyeacha boma wazi. Tulipoingia akanyamaza. Alimkumbatia Yahya, akamshika uso, akatazama meno yake.

Mchana Yahya akamfuata mwanambuzi mdogo aliyezaliwa siku ile, bado amelowa, anajaribu kusimama. Akapiga magoti mbele yake. Na mama yangu, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha maziwa, akasahau. Maneno yakamtoka kwa mpigo: huyo, ayeeyo, mama yake ndiye yule mweusi, alinisumbua usiku kucha, na nyanya yake nilimpata kwa mahari yangu, mguse taratibu hapo chini ya sikio, hapo hapo, ndipo wanapopapenda. Kwa Kisomali, kwa ile sauti ya kupanda na kushuka. Mimi nilikuwa ndani. Nilisimama wima.

Yahya aligeuka. Uso wake ulifunguka. Alikuwa amemkumbuka, niliona, alikuwa amemkumbuka kabisa. Akainuka, akatazama huku na huku, akaenda kwenye ukuta ambapo mama alikuwa ametundika kifuniko cha kopo kwa uzi kuwatisha ndege. Akakitungua. Akakileta mbio, kwa mikono miwili, anacheka kwa furaha ya mtu aliyepata mchezo wake uliopotea.

Mama yangu alikitazama. Akainamisha kichwa, akavishwa.

Kisha akamsogezea kikombe. "Kunywa," akamwambia, kwa Kiswahili.

Yahya akanywa. Mwalimu wao alikuwa amesimama ndani, nyuma ya mlango.